Ufunguo Niliouacha Mtoni

Dada yangu mpenzi,

Huku sijambo. Chumba kinavuja upande mmoja tu, na pombe sijaigusa tangu nibatizwe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unataka nisimame nanyi mafundi cherehani mbele ya tajiri, niseme ni yeye aliyeniamuru mimi mlinzi niufunge mlango wa nyuma, eti msiibe vitambaa. Nilikasirika. Nimeshatubu, Dada, nimelia mpaka nikakaukiwa! Hayo ya kugombana na wakubwa nilikuachia wewe, mwenye mdomo wa kuzaliwa nao.

Lakini marehemu mwenzenu Mama Vifungo haachi kugonga. Siku kiwanda kilipowaka moto alipiga mlango ule kwa ngumi kutoka ndani, nami nje nimelewa, ufunguo hauingii kwenye kufuli, mpaka akanyamaza. Sasa anagonga hata kanisani, katikati ya nyimbo.

Siku ya ubatizo mchungaji alituambia tuziache dhambi majini. Nikauachia ufunguo mtoni. Watu wakapiga vigelegele, nami nikatoka mwepesi kama unyoya. Leo unaniandikia kwamba mmesharudi kazini, cherehani zilezile, na kufuli lile bado linaning'inia.

Niliutupa ufunguo, Dada, na mlango sikuufungua.

Jumatatu nakuja na mtaimbo. Nitaanza na kufuli, kisha nitasema na tajiri. Waambie wenzako wasishtuke wakisikia mlango unagongwa. Ni mimi, safari hii nagonga kutoka nje.

Mdogo wako,
mlinzi