Meza ya Gundi

Kwa mziwanda wetu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo kiasi. Bati lililokuwa likivuja juu ya kitanda chako tumelibadilisha, na mama bado anagombana na redio kana kwamba inamsikia.

Mwezi uliopita madaktari walikuja kiwandani wakatutoa damu sisi sote tunaobandika soli, maana tangu uondoke meza yako ya gundi nimeikalia mimi. Daktari aliniambia sumu ya gundi huacha alama kwenye damu, hata kwa mtu aliyeacha kazi zamani. Yangu imejaa alama hizo. Nikamuuliza huwa inamfanya nini mtu. Akasema, "Mikono hutetemeka, miguu huisha nguvu, mtu hutembea akiyumba."

Mdogo wangu, papo hapo nikakukumbuka wewe.

Kila jioni nilikusimamisha mlangoni nikakunusa. Ile harufu kali nikaiita pombe. Uliapa hujaonja, nami nikakucheka mbele ya wanangu. Siku mkono ulipokutetemeka ukamwagia mama chai, ni mimi niliyezitupa nguo zako nje.

Nenda hospitali, tafadhali, wakupime damu. Kunisamehe kunaweza kusubiri.

Kama mwandiko umekushangaza, anayeniandikia ni mpwa wako. Mimi kalamu inaniponyoka, na vikombe vya humu ndani nimeshavivunja karibu vyote. Jana mama alinisogelea akaninusa.

Sijanywa, mdogo wangu. Naapa sijanywa.

Dada yako