Mama Yako Kwenye Ukuta wa Jiko

Machi 3

Binti yangu,

Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo? Na kile kifua chako? Mimi mzima kama kigongo. Tangu tumzike mama yako sijadondosha chozi hata moja, majirani wananistaajabia.

Haya, uongo. Jana nimelia mpaka nikaharibu kopo zima la rangi nyeupe.

Sasa sikia. Nimeanza kumchora mama yako jikoni, ukutani pale alipokuwa akisimama kumenya vitunguu. Mikono imekaa sawa. Gauni limekaa sawa. Uso ndio unanikataa. Miaka arobaini nimechora mabango ya saluni, basi kila nikishika brashi anatoka yule mrembo wa saluni, shingo ndefu, macho yamelegea. Jirani kachungulia dirishani: "Mzee, kusuka hapa bei gani?" Nimekwangua mara tatu. Sikai, silali, chai inanipolea mkononi.

Picha ninayo ile ya kitambulisho tu, na pale kakodoa macho kama kafumaniwa na kuku wa watu. Nitumie nyingine.

Baba yako


Machi 12

Baba,

Shikamoo. Huku wote wazima, kifua kimepona. Picha sina. Si unajua mama akiona kamera alijifunika uso?

Baba, pumzika. Paka ukuta chokaa yaishe. Na usiniulize nakuja lini. Jikoni kwa mama siwezi kuingia. Hapa kiwandani nashona kola mia mbili kwa siku, na kola hazina uso.

Mwanao


Aprili 6

Mwanangu,

Marahaba. Waonaje hali? Umeona kimya changu cha wiki tatu? Nilikutii. Nilinunua chokaa, nikaikoroga, nikasimama mbele ya ukuta. Mkono ukagoma. Chokaa imekaukia ndooni.

Uso nimeukwangua mara saba sasa. Ila macho nimeyapata, binti yangu! Yananiangalia kama nimeingia ndani na viatu vya matope. Umebaki mdomo, na hapo ndipo nazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Naukumbuka ukinigombeza, siukumbuki ukiwa umenyamaza. Na kila nikiamka naona mdomo umefifia kichwani mwangu. Nikichelewa utafutika wote, nibaki na mrembo wa saluni.

Mwenye mdomo ule amebaki mmoja tu duniani, naye yuko kiwandani anashona kola.

Sikuiti uje kulia, kazi hiyo naimudu mwenyewe. Jikoni usiingie. Nitakuwekea kigoda nje ya mlango, ukae, unigombeze kidogo, halafu unyamaze. Saa moja tu. Nawe una fadhila yangu hujalipa: ile chupa ya chai ya mama yako uliivunja wewe, nikasema ni mimi, nikanuniwa siku nne. Sijawahi kukudai.

Leo nakudai.

Baba yako