Fundo la Hodan

Jumatatu, 4 Agosti
Nimekamua mbuzi watatu. Wa nne hayupo. Mjukuu wangu Hodan, huyu anayeniita Ayeeyo, ndiye aliyemfunga jana. Kamba iko kwenye nguzo, mbuzi yuko sokoni anakula kabichi za watu. Nimetukanwa na mama mboga, kisa msichana aliyesomea ubaharia Mombasa miaka miwili! Wiki ijayo anapanda meli. Mtaa mzima nimeuambia.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemwamuru afunge mbele yangu. Kwanza akachora fundo kwenye karatasi. Zuri sana. Jina lake la Kizungu analijua. Mikono ndiyo haijui. Nimevuta kidogo, limefunguka.
"Mwalimu alikufundishaje?"
"Anasoma kwenye kompyuta, Ayeeyo. Sisi tunanakili."
"Na ile mashua ya kuokoa watu meli ikizama? Umeishusha mara ngapi?"
"Tulionyeshwa picha. Lakini nimepita. Sote tumepita."
Aibu. Mimi mwalimu wangu wa ngumbaru alinishika mkono mpaka herufi ikasimama. Hakunipitisha bure.

Alhamisi, 7 Agosti
Leo nimesema nisichopenda kusema. Zamani tukihama upande wa Hulugho, mama alinifundisha kufunga mizigo ya ngamia. Sheria yake moja: aliyefunga ndiye anayempandisha mdogo wake juu ya mzigo. Siku moja aliniambia nirudie fundo. Nikakataa. Nilijua kila kitu, mimi. Mdogo wangu Abdi akaanguka. Hodan anamjua mzee Abdi na mguu wake mbovu. Hakujua ni mkono wangu.
Nikamuuliza: mwalimu wako angemweka mtoto wake ndani ya mashua iliyofungwa na wewe?
Hodan amelia. Sikumbembeleza. Nimempa kamba.

Ijumaa, 8 Agosti
Ameondoka na basi la asubuhi la Mombasa, apitie chuoni kabla ya meli. Vidole vimechubuka. Vizuri.

Jumatano, 13 Agosti
Amepiga simu. Alimuuliza mwalimu swali langu mbele ya darasa. Mjinga! Mkubwa haulizwi hivyo mbele ya watu. Mwalimu akakiri yeye mwenyewe hajawahi kuishusha ile mashua. Alisoma, akafaulu, akapewa darasa.
Sasa chuo kimeleta mzee aliyestaafu melini. Anawafunga macho kwa kitambaa, wanafunga na kufungua kamba mpaka jasho. Mwalimu naye yuko kwenye foleni na wanafunzi. Huyo sasa namwita mwalimu.
Meli imeondoka bila Hodan. Amekataa kupanda mpaka ajue.

Ijumaa, 15 Agosti
Jirani Halima ameuliza msichana wangu yuko bahari gani. Nimesema bado anafundishwa. Amecheka. Acheke.
Baada ya swala Abdi amekuja kunywa chai. Wakati wa kuondoka mguu ulimsumbua. Ameshika ile kamba kwenye nguzo, aliyoifunga Hodan asubuhi ya safari, akajiinua nayo.
Imeshika.