Kadi ya Duka la Mkabala

Tainan, 3 Novemba

Kaka Po-han,

U mzima? Huku wazima, ila mama anakohoa na hataki kufunga kibanda chake cha uji wa samaki apumzike.

Naomba uninunulie kadi ya grafiki hapo kwenye soko la kompyuta unapofanya kazi. Filamu yangu ya vikaragosi lazima ifike chuo cha sanaa kabla ya mwaka kwisha, na kompyuta inazimika kila ikichora moto. Nimelinganisha wiki nzima. Kadi kubwa kabisa ni dola za Taiwan elfu sabini. Inayoifuata, elfu thelathini na tano. Unalipa mara mbili, unaongezewa theluthi tu ya kasi. Nataka hii ya pili. Pesa za bahasha nyekundu nilizopewa kila sikukuu ya mwaka mpya zinaitosha.

Mdogo wako,
Yun-chen

Taipei, 9 Novemba

Profesa wangu,

Mimi mzima, miguu tu inauma kwa kusimama dukani. Mwambie mama anywe dawa.

Chukua kubwa. Bosi atapunguza, utalipa kidogo kidogo. Mdogo wangu atumie kitu cha pili kwa nini?

Kaka yako

Tainan, 14 Novemba

Kaka,

Natumaini miguu imepoa. Mama hajambo. Anayeumwa ni mimi, na ugonjwa wenyewe ni wewe. Hata kwenye simu unanijibu "kubwa ni kubwa". Hiyo ni sababu? Haiingii kwenye kasha la kompyuta yangu, na itataka pawa saplai mpya ya kuilisha umeme. Hata nikiiwekea juu ile pakiti ya bisi ya kijani ambayo watu huku huweka juu ya mashine kama hirizi ili itulie, kadi haitafupika.

Unaongea nami kama mteja. Nijibu kama kaka: kwa nini hutaki?

Mdogo wako

Taipei, 27 Novemba

Yun-chen,

Hamjambo? Samahani nimechelewa. Ukweli ni kwamba kadi yako kwetu haipo. Ipo duka la mkabala, kwa bwana Ho, na bosi wangu na Ho hawasalimiani. Nikionekana na mfuko wa Ho, sina uso wa kurudi kazini. Tena nilishamwambia bosi kwamba utachukua kubwa. Subiri mwaka mpya, labda tutaletewa.

Kaka yako

Taipei, 8 Desemba

Yun-chen,

U mzima? Ulifika nyumbani salama? Simu zangu hupokei.

Jumamosi nilikuona kwa Ho, begi la shule mgongoni, unaongea kwa sauti ndogo hadi Ho anainama akusikie. Akakuletea kubwa, ukatikisa kichwa. Akaisifu, ukamwonyesha karatasi zako za kulinganisha. Hukugeuka upande wetu hata mara moja, nikajua unanisitiri. Dukani kwetu wote waliacha kazi wakitazama. Bosi akacheka, akauliza, "Nani yule anayemtesa Ho?"

Nilijifanya napanga nyaya. Akauliza tena.

"Mdogo wangu," nikasema.

Kisha nikavuka nikubebee sanduku la ile kadi yako ya pili, mbele ya macho yao wote. Ulikuwa umeshaondoka. Nikabaki nimesimama kwa Ho, mikono mitupu.

Kaka yako,
Po-han