Cheti cha Paka

Mwanangu,

Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Paka uliyeniachia hajapanda ndege bado, usinikasirikie. Shirika la ndege linataka tundu ambamo ataweza kusimama na kugeuka, nami nimeshalinunua. Linataka pia cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo, na cheti chenyewe kinadumu siku kumi tu. Kilichoisha jana ni cha tatu. Daktari ameniambia, "Mzee, safari hii usikisahau tena kwenye droo."

Sikukisahau, mwanangu. Kila asubuhi nakitoa, nakisoma, nakirudisha. Huyu akiondoka, nitamwambia nani kwamba chai imeiva?

Kesho naenda kuchukua cha nne.

Ni sisi,
babako na paka