Baba na utepe wa kioo

Shoga, nimejifungia chooni nisije nikacheka mbele yao.

Mume wangu na lile gari lake la kizamani! Alikuwa anarudishia utepe wa chuma uliobanduka pembeni mwa kioo cha mlango. Gundi akaimwaga, utepe akaubana kwa kiganja cha kulia. Kiganja kikaganda!

Mara baba yangu huyo, mkono mbele. Mume wangu akampa wa kushoto. WA KUSHOTO, shoga! Kwa mkwe wake!

Baba: “Mwanangu, ndiyo tumefikia huku?”

Ikabidi aseme ukweli. Baba akakunja mikono ya shati, akaushika utepe kwa mikono yote miwili, avute.

Sasa wameganda wote, wanaulizana habari za nyumbani.

Mama kapiga, anasema nimpe Baba simu. Aishike kwa mkono upi?