Bawa la Nyenje

Nanganga, Ruangwa

Mdogo wangu Zuhura,

Habari za huko? Mimi mzima, nashiba korosho za kuchoma, ila joto hili la kungoja mvua halina huruma.

Lile bawa la nyenje nililookota Nachingwea, dogo kama ukucha, nimechonga umbo lake kwenye ubao mkubwa kama mlango, ili nilichape kwenye kitambaa. Jana adhuhuri niliupaka ubao wino, nikatandika shuka jeupe juu yake, na mwenyeji wangu Mama Somoe akanisaidia kulikanyaga shuka ili bawa lichapike. Nyenje walikuwa wakipiga kelele kwenye mikorosho yote. Tulipolitundika shuka kwenye kamba, wakanyamaza wote kwa pamoja. Hata kuku walisimama.

“Likunje, mwanangu,” Mama Somoe alininong’oneza.

“Wino bado mbichi, mama. Litaharibika.”

“Likunje. Wanaliangalia.”

Nikalikunja. Kwa mbali akaanza kulia nyenje mmoja, kisha wote. Mama Somoe alicheka, lakini hakuligusa tena lile shuka. Sijathubutu kulifungua nione kama limeharibika.

Msalimie mama, mwambie nawakumbuka sana. Shuka nalituma na mizigo. Likinitangulia kufika, tafadhali usilikunjue peke yako.

Dada yako,
Mwanahawa